Boraksi ya Bonde la Mauti: kompani zilihama, wenye inchi wakabaki



Siku hizi nilikuwa katika kambi moja ya wakimbizi wa ndani nikichukua habari za mgawo wa chakula. Kijana mmoja alinifuata hadi penye pikipiki. Kabla ya kukimbia alikuwa akifanya kazi kwa mnunuzi wa dhahabu, kazi yake kupuliza moto na kuyeyusha. Akaniuliza: «Kaka, ule unga mweupe tuliokuwa tunamwagia dhahabu kwenye moto, unatoka wapi? Na wenyewe unachimbwa kama dhahabu?»

Mama yake alikuwa ameketi mlangoni, chini ya shitingi, anachambua maharagwe. Akacheka: «Huyu mtoto, njaa haimzuii kuuliza.»

Nilimwambia ningejibu, na nimefanya kazi ya kutafuta. Unga huo unaitwa boraksi. Ndiyo, unachimbwa. Na historia ya mahali ulipochimbwa zamani, mbali sana na kwetu, ina maneno ambayo mtu aliyetoka kwake kwa nguvu atayaelewa upesi kuliko mwingine.

Kwanza, kazi ya unga wenyewe

Kijana yule anajua kwa mikono yake jambo hili, lakini wengine hawajaliona. Dhahabu ya vumbi haitoki safi. Inabaki na mchanga mweusi, kutu ya chuma na takataka nyingine. Dhahabu inayeyuka kwenye digrii 1064. Boraksi inayeyuka kabla yake, kwenye digrii 740 na kitu, na kuwa nzito kama asali. Takataka zile zinaingia ndani ya asali hiyo na kuelea juu. Dhahabu, kwa kuwa ni nzito sana, inashuka chini. Vikipoa, unagonga: kile kioo cha juu kinavunjika na dhahabu inabaki peke yake.

Boraksi inaingia pia katika sabuni za kufulia, katika vioo visivyopasuka kwa moto, na katika mbolea, maana mimea inahitaji kidogo ya ile elementi yake iitwayo boroni. Leo inayotoa nyingi kuliko zote ni Uturuki, na baada yake Marekani. Pakiti inayofika kwenye meza ya mnunuzi haielezi safari yote hiyo. Kwa leo tufuate njia ya Marekani, hadi katika jangwa la jimbo la California, mahali panapoitwa Death Valley, yaani Bonde la Mauti.

Bonde lisilo na mlango

Sisi wa pembeni ya Tanganyika na Kivu tunaweza kulielewa bonde hilo bila picha. Ardhi yetu ilivutwa pande mbili, ikapasuka, katikati ikashuka, na milima ikabaki imesimama kulia na kushoto. Death Valley nayo iliumbwa kwa kuvutwa hivyo. Sehemu yake ya chini kabisa iko mita 86 chini ya usawa wa bahari, na mlima ulio karibu yake unapanda hadi mita 3366.

Tofauti yetu na wao ni moja, nayo ni kubwa. Ziwa Kivu lina mlango: maji yanatoka kwa Ruzizi yanaingia Tanganyika. Tanganyika nayo ina mlango: Lukuga inayachukua maji kuelekea mto Kongo na bahari. Chumvi inayoletwa na mito inapata njia ya kuondoka. Bonde la Mauti halina Lukuga. Mto wake, unaoitwa Amargosa, maana yake «mchungu», unaingia bondeni na kuishia humo. Mvua ni karibu sentimita 5 kwa mwaka mzima. Jua linanyonya maji, na kila kilichokuwa ndani ya maji kinabaki chini. Watu wa Beni na Kasindi wanaojua chumvi ya Katwe, ng'ambo ya mpaka kule Uganda, wameshaona kazi hiyo ya jua kwa macho yao.

Sasa boroni ilitoka wapi? Miaka milioni kadhaa iliyopita palikuwa na maziwa katika mabonde yale, na volkano zilikuwa zinafanya kazi karibu yake. Maji ya moto yaliyopita katika mawe ya volkano yalibeba boroni hadi ziwani. Ziwa likakauka, likajaa, likakauka tena. Kila mara liliacha tabaka la mawe meupe, kisha tope likalifunika. Tope hilo ndilo lililolinda hazina: bila udongo wa mfinyanzi juu yake, mvua ingeyeyusha yote.

Mawe yenyewe yako ya namna nyingi, na tofauti inatokana na kile boroni ilichokutana nacho. Ilipokutana na kalisi, ambayo ndiyo chokaa, likatokea jiwe gumu linaloitwa kolemaniti, lenye fuwele zinazong'aa kama kioo. Ilipokutana na kalisi pamoja na sodiamu, ikatokea uleksiti, yenye nyuzi nyembamba kama pamba au hariri. Ilipokutana na sodiamu tu, ndipo ikatokea boraksi yenyewe, inayoyeyuka katika maji bila shida.

Uleksiti ina maajabu yake. Kipande chenye nyuzi zilizonyooka, kikikatwa na kusuguliwa vizuri, ukikiweka juu ya gazeti, maandishi yanaonekana yamepanda juu ya jiwe, kana kwamba yameandikwa hapo. Nyuzi zinapitisha mwanga kutoka chini hadi juu. Ndiyo maana wanaliita jiwe la televisheni.

Baadaye ardhi ikainuka na kuinama. Matabaka yaliyokuwa chini ya ziwa yakajikuta kwenye vilima. Mvua ile chache ikaanza kuyala, ikateremsha boroni hadi chini ya bonde. Huko, maji ya ardhini yanapanda polepole, yanakauka juu, na kuacha mabonge meupe laini. Wachimbaji waliyaita mabonge ya pamba. Shikeni jambo hili: kilichoonekana chini bondeni kilikuwa mabaki tu, na mama yake alikuwa amelala juu vilimani.

Moto wa kijani

Mwaka 1849 kundi la watu waliokuwa wakienda kutafuta dhahabu California walipotea njia wakapita humo. Waliteseka, na jina la mauti likatokana na safari hiyo. Kwa miaka zaidi ya 30 watu wa namna hiyo walipita wakitafuta dhahabu na feza, wakikanyaga vile vitu vyeupe bila kuvijali.

Mwaka 1881 palikuwa na mtu maskini aliyeitwa Aaron Winters, akiishi na mke wake Rosie katika kibanda upande wa mashariki wa bonde. Mgeni aliyelala kwao aliwasimulia kwamba kule Nevada watu wanapata mali kwa kitu cheupe kiitwacho boraksi, na akaeleza jinsi ya kukijua: unamwagia asidi ya sulfuri na pombe kali, unawasha moto usiku, na moto ukiwa wa kijani, basi ndiyo yenyewe. Winters alikumbuka kwamba ameona kitu kama hicho. Wakaenda yeye na mke wake, wakachukua kidogo, wakangoja giza, wakawasha. Moto ukawa wa kijani.

Aliuza haki yake kwa mfanyabiashara wa San Francisco, William Tell Coleman, kwa dola 20 000. Kwa mtu wa kibanda hizo zilikuwa pesa nyingi mno. Kwa mwenye kujua soko, zilikuwa bei ya mlango tu. Jiwe gumu la vilimani lilipotambuliwa kuwa namna mpya, mwaka 1884, lilipewa jina la Coleman, na ndiyo hiyo kolemaniti. Hakuna jiwe lenye jina la Rosie.

Wachina na nyumbu

Coleman alijenga kiwanda kilichoitwa Harmony, kikaanza kazi mwishoni mwa mwaka 1883. Wafanyakazi walikuwa kama 40. Waliotoka kwenda kukwangua mabonge ya pamba katika tope la chumvi walikuwa zaidi Wachina. Mwaka mmoja kabla, 1882, Marekani ilikuwa imepiga sheria ya kuzuia vibarua Wachina wasiingie tena katika inchi. Yaani walikataliwa mlangoni, na wale waliokwisha kuingia walipewa kazi ambayo wengine waliikwepa. Walilipwa karibu dola 1 na senti 30 kwa siku, na humo walikatwa malazi na chakula cha duka la kompani.

Kazi ya kiwanda ilikuwa hivi. Mabonge yanatupwa katika matangi makubwa ya maji ya moto pamoja na magadi. Magadi yanashika chokaa, inashuka chini kama tope. Maji yaliyobaki yenye boraksi yanahamishiwa katika mapipa mengine, ndani yake mna vyuma vinavyoning'inia. Yakipoa, fuwele za boraksi zinaota juu ya vyuma hivyo, kama sukari inavyogandia kwenye uzi. Kwa siku walitoa tani 3 hivi.

Lakini ili fuwele ziote, maji lazima yapoe. Katika miezi ya joto kali, bonde lile halipoi hata usiku. Ni hapo penye shamba la kompani ndipo kulipopimwa digrii 56,7 tarehe 10 Julai 1913, kipimo kinachotajwa hadi leo kuwa cha juu kuliko vyote duniani. Basi kila kiangazi Coleman alisimamisha Harmony na kuhamishia kazi Amargosa, kwenye baridi kidogo.

Na tatizo kubwa kuliko joto lilikuwa njia. Kituo cha reli kilichokuwa karibu ni Mojave, umbali wa kilomita 265, jangwa tupu. Wakaunda magari mawili ya mbao yaliyofungwa pamoja, magurudumu ya nyuma yenye urefu wa mita 2 na zaidi, na nyuma yake tangi la maji la lita 4500. Vyote vikijaa vilikuwa na uzito wa tani 33 hivi. Waliovivuta ni nyumbu 18 na farasi 2. Nyumbu ninayemtaja hapa si yule wa porini. Ni mtoto wa punda dume na farasi jike, mnyama wa kazi na uvumilivu. Safari ilichukua siku 10 kwenda na 10 kurudi. Hao nyumbu wamekuwa maarufu sana, hata picha yao ikawekwa kwenye maboksi ya sabuni. Anayekwenda leo Harmony anaona kuta za kiwanda na magari yale. Majina ya Wachina hayakuandikwa hapo.

Mwaka 1888 kiwanda kilisimama. Bei ilikuwa imeshuka na Coleman akafilisika. Kilikuwa kimefanya kazi miaka 5 tu.

Miji ya kuhama

Mali ya Coleman ilichukuliwa na Francis Marion Smith, aliyekuwa ameanza kazi ya boraksi kule Nevada mwaka 1872. Mwaka 1890 aliunda Pacific Coast Borax Company. Smith alielewa kwamba kukwangua tope kumepitwa na wakati, na kwamba ni bora kufuata jiwe lenyewe vilimani. Lakini hakuanza na vilima vya Death Valley. Alikwenda kwanza kwenye milima ya Calico, kwa sababu kule reli ilikuwa karibu. Kolemaniti ya Death Valley ikangoja.

Pale Calico kukazaliwa mji ulioitwa Borate. Mwaka 1907, mashimo yakiwa yamekwenda chini na gharama zimepanda, kompani iliufunga ikahamia mgodi wa Lila C, ulioitwa kwa jina la binti wa Coleman, upande wa mashariki wa Death Valley. Reli ilikuwa imeufikia mwaka huohuo. Mwaka 1914 Lila C nao ulikuwa umeanza kuchoka. Wakatengeneza reli nyembamba ya kilomita 32 hivi kuelekea mji mwingine mpya, Ryan, kwenye ubavu wa mlima juu ya bonde. Nyumba za mji wa kwanza zilibomolewa na kupakiwa, zikajengwa tena huko.

Ryan ilikuwa na migodi kadhaa iliyounganishwa na kareli kadogo kaliko zunguka mlimani. Ndani ya mashimo walikata kolemaniti, wakiacha nguzo za jiwe zisimamishe dari. Kwa miaka kama 13 mji huo ulilisha dunia boraksi.

Mwisho wake ndio unaofundisha. Ryan haikufa kwa sababu jiwe liliisha. Mwaka 1913 daktari mmoja aliyeitwa John Suckow, aliyejitwalia shamba katika jangwa la Mojave, mbali upande wa kusini-magharibi, alichimba kisima akitafuta maji. Maji hakuyapata kama alivyotaka, akakuta kolemaniti. Miaka ikapita, watu wakaendelea kutoboa sehemu hizo, na mnamo 1926 wakafika kwenye tabaka nene la jiwe ambalo lilikuwa halijajulikana. Likaitwa kerniti, kwa jina la wilaya ya Kern.

Kerniti ni ndugu wa boraksi aliyepoteza maji. Boraksi ina sehemu 10 za maji ndani yake, kerniti ina 4. Ziwa lake ni la zamani zaidi, zaidi ya miaka milioni 15, na tabaka lake lilizikwa chini sana hadi joto la ardhi likakamua maji. Kipande cha kerniti kikitoka shimoni kinaonekana safi kama kioo. Kikikaa hewani kinaanza kuwa cheupe na kutoa unga. Kwa kompani faida yake ilikuwa hii: haihitaji kupikwa na magadi kama kolemaniti. Ukiitia katika maji ya moto na kuyaacha yapoe, unapata boraksi. Tena ilikuwa karibu na reli kubwa.

Hesabu ikafanyika ofisini. Mwaka 1927 kompani ilihamishia kazi huko, mahali panapoitwa leo Boron. Ryan ikaachwa na kolemaniti yake ndani. Boron ilianza kwa mashimo ya chini ya ardhi. Mwaka 1957 ikageuzwa kuwa shimo moja kubwa la wazi, na inachimbwa hadi leo. Kule bondeni, mwaka huohuo wa 1927, kompani ilifungua hoteli ya fahari kwa ajili ya watalii, ikitumaini kwamba reli yake ndogo itapata abiria. Reli haikupata wa kutosha, ikafa mwaka 1931.

Wale waliokuwapo kabla ya wote

Hadi hapa nimewaeleza habari kama vitabu vingi vinavyoieleza: Winters, Coleman, Smith, nyumbu. Lakini bonde halikuwa tupu. Penye chemchemi za Furnace Creek, karibu kabisa na Harmony, waliishi Wa-Timbisha, watu wa kabila la Shoshone. Hawakuwa wakiliita bonde la mauti. Jina lao lenyewe linatokana na jiwe, lile jekundu la kupaka rangi usoni. Baridi walikaa chini bondeni, wakila maharagwe ya miti ya meskiti. Joto likizidi walipanda milimani kutafuta mbegu za misonobari, wakarudi baadaye. Kwao, kuondoka hakukuwa kuacha kwao. Kulikuwa mwendo wa mwaka.

Kompani ilipofika ilichukua chemchemi. Maji yaleyale yaliyowalisha yakaanza kumwagilia majani ya nyumbu na farasi katika shamba la Coleman. Baadhi ya wanaume wa Timbisha wakawa vibarua katika inchi ya baba zao.

Halafu mwaka 1933 serikali ya Marekani ilitangaza bonde kuwa eneo la hifadhi. Wa-Timbisha hawakuulizwa. Mwaka 1936 walipewa kijiji kidogo cha ekari 40, nyumba za udongo. Sasa sikilizeni vizuri, ninyi mliofunga mlango na kuacha ufunguo kwa jirani. Watu hao walikuwa na desturi ya kupanda mlimani wakati wa joto. Katika miaka iliyofuata, nyumba iliyokutwa bila mtu ilihesabiwa kuwa imeachwa, na watumishi wa hifadhi waliimwagia maji ya mpira hadi udongo ukayeyuka ukaanguka. Mwenyewe akirudi anakuta tope. Kwa njia hiyo kijiji kilipungua bila mtu kufukuzwa kwa bunduki.

Lakini wako waliokataa kutoka. Wanawake ndio walioshika mstari wa mbele, mmoja wao Pauline Esteves, aliyekuja kuwa mwenyekiti wa kabila. Mwaka 1983 serikali ilikubali kwamba Wa-Timbisha ni kabila linalotambuliwa na sheria, hata hivyo bila kuwapa ardhi. Mwaka 1994 bonde lilifanywa hifadhi ya taifa, na sheria hiyo ikaamuru utafiti ufanywe ili kabila lipate ardhi. Mazungumzo yalikwama, wakaandamana, wakarudi mezani. Tarehe 1 Novemba 2000 sheria ilitiwa sahihi: wakarudishiwa hekta 3100 hivi, nyingi zikiwa nje ya hifadhi, na 127 pale Furnace Creek penye chemchemi. Katika hifadhi yenye hekta zaidi ya milioni moja, hicho ni kipande kidogo. Lakini ni chao kisheria.

Katika miaka ileile migodi ilikuwa inamaliza siku zake. Mwaka 1976 bunge lilipiga sheria ya kuzuia madai mapya ya kuchimba katika hifadhi, baada ya watu kulalamika juu ya shimo la wazi lililoonekana kutoka barabarani. Mgodi wa mwisho wa borati katika bonde, ulioitwa Billie, ulisimama mwaka 2005. Harmony ni kuta. Borate ni mashimo. Ryan ni nyumba zisizo na wakaaji wa kudumu. Wa-Timbisha wako pale.

Kurudi kambini

Nilirudi kumwona kijana yule na kumwambia habari hii, kwa ufupi kuliko nilivyowaandikia. Yeye alipenda moto wa kijani na jiwe linalopandisha maandishi. Akauliza kama kuna kitabu cha mawe ambacho mtu wa sekondari anaweza kusoma. Nikamwahidi kutafuta.

Mama yake ndiye aliyenishika. Aliacha maharagwe. «Wale wa nyumba za udongo,» akasema, «walirudi?»

Nikamjibu: «Ndiyo, mama. Tangu hifadhi ilipotangazwa hadi sheria ya kuwarudishia ardhi ni miaka 67.»

Akanyamaza. Kisha: «Na walijuaje kuonyesha kwamba ni pao?»

Ni swali zito, na jibu lake si fupi. Wengine hawakutoka kabisa, hata walipobaki wachache. Waliojua majina ya chemchemi na makaburi waliwaambia watoto wao. Waliendelea kupanda mlimani na kurudi. Walipofika mbele ya wakubwa wa serikali, walikuwa na la kusema kuhusu kila jabali.

Mama akamwita binti yake, akamwambia alete daftari la shule na kalamu. Wakaanza kuandika pale pale, mimi nikiwa bado nimesimama: jina la kilima, jina la mto mdogo, mpaka wa shamba upande wa juu ni mti gani, upande wa chini ni nani jirani, kaburi la baba mkwe liko wapi. Kijana akasahihisha jina la jirani mmoja. Mama akakataa, akasema huyo alinunua baadaye, aandikwe yule wa kwanza.

Wasikilizaji wenye daftari, fanyeni hivyo hivyo. Wasio na daftari, waambieni watoto jioni, mara moja, mara mbili, hadi wawarudishie bila kukosea. Na mwenye swali jingine kuhusu mawe, au kuhusu jambo lolote, mnajua nawekea wapi pikipiki.